Hesabu ya Dende

Mimi ndiye mshika daftari wa kundi letu, Nyangezi:
mistari ya buluu, jalada limeliwa na mende.
Hesabu ya siku ile naiandika upya
kwa kuwa ya kwanza waliikataa.

Tulitoka kabla ya jogoo.
Nsimire na katoni ya sabuni,
matundu kumi na mawili, ameyatoboa kwa msumari,
ndani dende sita
wakilia kama bawaba isiyoonja mafuta.
Wa saba tulimuuza juzi, akawa nauli:
ya Nsimire, yangu, na ya Cibalonza
aliyepakata viazi vyekundu kwenye ungo wa mamaye.
Pikipiki moja. Watu wanne, ukimhesabu dereva,
na kila kilima tulishuka kukisukuma.

Bukavu ilitupokea kwa ukungu na honi.
Uwanjani pa shule, juu kidogo ya Nyawera,
turubai, viti vya plastiki, na kitambaa:
VIJANA WA VIJIJI NDIO KESHO.
Rangi ya K ilikuwa imechuruzika.
Kabare walileta sungura walioogeshwa,
Walungu mbuzi mwenye utepe shingoni,
Idjwi mananasi, harufu yao ilifika kabla yao.
Sisi dende.
"Hao ni panya waliosahau mkia nyumbani!"
Nsimire aliendelea kuchambua majani,
yenye umande huku, makavu kule.

Mwamuzi akainama, miwani ikamteleza.
"Binti, faida iko wapi?"
"Faida ilisoma darasa la tano na la sita.
Faida ilimtoa mama hospitali na kichanga chake,
walikuwa wamezuiwa kwa deni, wiki tatu.
Huu unaouona ni mtaji."
Akakohoa. Akaandika: *wanyama sita.*

Kisha hotuba.
Mheshimiwa alimpisha mheshimiwa,
na neno *fursa* nililihesabu mara kumi na tisa
(kuhesabu ndiyo kazi yangu),
la ishirini likiwa bado mdomoni mwa msemaji
katoni ikatikisika.

Watoto wa dende huzaliwa wamefumbua macho,
manyoya tayari mwilini,
kama watu waliochelewa kikao
wakakuta kimeanza, wakatafuta pa kukaa.
Mmoja. Wa pili. Tukangoja. Wa tatu.

Nilikimbilia meza ya waamuzi.
"Ni tisa," nikasema.
"Ni sita," wakasema, "fomu imekwisha pigwa muhuri."
"Njooni muone."
"Kijana, muhuri hauoni."

Tukapewa nafasi ya pili.
Toroli jipya, gurudumu bado na karatasi yake,
nafasi moja ya mafunzo, siku tatu, Mulungu,
na cheti chenye dhahabu pembeni:
*Kwa Nsimere.*
Alilisoma jina hilo mara mbili, polepole,
kama anayesoma barua ya jirani.
Makofi yalipigwa. Yalikuwa mengi, siwezi kusema uongo,
na Cibalonza, ambaye viazi vyake havikutazamwa na mtu,
ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Nauli ya kurudi haikuwepo.
Lakini kwenda kwetu ni mteremko,
na toroli halidai franka.
Katoni ndani, viazi pembeni,
tukapokezana mikono miwili ya chuma hadi giza.
Manyunyu yalipoanza
Nsimire alitafuta cha kufunika matundu,
akatazama kanga yake, imelowa,
akatazama mkono wangu,
akakichukua cheti.

Sikusema kitu. Dhahabu ilishuka
ikachora mstari kwenye sabuni ya katoni.
Nsimere akafutika herufi kwa herufi.

Jikoni kwao, kwa mwanga wa moto,
nikafungua daftari: *Nsimire, tisa.*
Aliinama begani kwangu kuhakikisha, ananuka moshi na majani.
"Na pembeni," akasema, "andika:
mmoja alizaa wakati wa hotuba,
hakuna aliyemtaja."
Nikaandika.
Cibalonza alikuwa amekwisha tia viazi majivuni.